Moshi wa Vibuyu na Mashine Isiyo na Chujio

Dubai

Kwako Mama,

Assalaamu alaykum. Wengine huanza kwa kuuliza afya, mimi naanza kwa kuuliza kifua. Kinakuacha ulale? Unafika kisimani bila kukaa chini njiani? Na ndugu yangu Barisa, amesharudi na ng'ombe au bado yuko nao huko kwenye majani ya mtoni? Mimi sijambo, nakula, nalala, na kazi ya stoo ni ileile ya kubeba makasha na kuyapanga. Alhamdulillahi.

Sadia, shemeji yangu, najua wewe ndiye unayesoma barua hii, kwa kuwa mume wako Barisa mwandiko wangu humshinda. Msomee Mama yote, usiruke kitu. Kuna mahali utaona haya. Soma tu, maneno ni yangu, si yako.

Mama, barua yenu ya mwisho ilinikosesha raha. Sadia aliniandikia kwamba daktari wa zahanati amekwambia uache moshi, na ukishindwa uhamie Madogo kwa mama mdogo, kwa sababu kifua chako hakitastahimili masika mengine. Akaniandikia pia ulivyomjibu: kwamba maziwa ya chombo kisichofukizwa ni maji meupe, na kwamba utafukiza vibuyu vyako mpaka siku utakayobebwa. Nilicheka nilipoisoma sauti yako humo. Kisha nikafikiria hayo ya kubebwa, kicheko kikakatika.

Basi, majuzi stoo yetu ilipokea mashine za kusafisha hewa ya nyumbani. Wanijua mwanao: kitu nisichokielewa hakinipi amani mpaka nikifungue, na redio ya marehemu Baba ni shahidi. Nikamuomba tajiri ruhusa ya kuzijaribu baada ya kazi. Ni mtu mpole, akaniruhusu, ila skrubu zote zirudi mahali pake.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, na ndani ina chujio nene kama kigodoro cha karatasi. Feni inavuta hewa, hewa inapita, vumbi linabaki kwenye chujio. Nikauliza, likijaa? Nikaambiwa unalitupa, unaweka jipya. Nikauliza jipya linapatikana wapi, wakanionyesha rafu iliyo nyuma yangu. Hapo nikaifunga kwenye kasha lake. Vumbi la Garsen wakati wa kiangazi mwalijua wenyewe, na rafu ile iko mbali nanyi. Mashine ingegeuka kiti cha kuku. Nikasema nataka isiyo na chujio.

Ya pili haikuwa na chujio wala feni. Kidude kidogo tu, kimya kabisa, kina sindano ndani zinazotia umeme hewani mpaka vumbi lianguke lenyewe. Kinafanya kazi hata kwa betri ya gari, kama ile ya Barisa ya televisheni. Nikaona nimepata. Nikakipeleka chumbani, nikakiwasha mchana wa Ijumaa, nikajilaza. Mama, kina harufu ile inayokuja radi ikishapiga karibu, kabla tone la kwanza halijaanguka. Niliamka nikitafuta viatu chini ya kitanda, maana pua ilikwishaniambia kwamba mvua imefika na ng'ombe wahamishwe. Nikachungulia dirishani, hakuna wingu, hakuna ng'ombe, ni ukuta wa jirani. Niliwakumbuka nyote vibaya sana siku ile.

Nikawa nakiwasha kila nipatapo nafasi, kwa ajili ya harufu tu. Sasa chumbani nakaa na Yusufu, mtu wa Kipini, anafanya kazi ya kushona, naye ana pumu kama yako. Siku ya pili akaanza kukohoa. Nilimwambia ni baridi ya mashine za hewa za kazini kwake. Akaniambia kwa lugha ya kwao, "Ndugu yangu, kitu hiki chanibana kifua. Chondoe."

Nilidhani anadeka. Hata hivyo nikaenda kumuuliza fundi wa mashine hizo hapa kazini, naye hakushangaa. Akanieleza kwamba harufu ile ni hewa iliyopigwa na umeme, na ikizidi ndani ya chumba humuumiza mwenye kifua kibovu. Kumbe kilichokuwa kikinifurahisha mimi ndicho kilichokuwa kikimtesa mwenzangu. Nilikirudisha stoo siku hiyohiyo. Mama, ningekutumia kidude kile ungekaa nacho, ungekohoa na usingesema neno, kwa kuwa kimetoka kwa mwanao. Wazo hilo lilinitia hofu, nikawa mwangalifu zaidi.

Ya tatu ndiyo niliyoichagua. Nayo haina chujio, lakini ina feni ndogo na vibati vya chuma vilivyopangwa bega kwa bega. Umeme unapita kwenye vibati, navyo vinavuta vumbi na moshi kama kitana cha plastiki kinavyovuta vipande vya karatasi ukishajichania nywele kavu. Vikichafuka unavitoa, unaviosha kwa maji na sabuni, unavianika vikauke kabisa, unavirudisha. Hakuna cha kununua tena. Inaendeshwa na betri ileile ya gari. Nilipoisogeza pua karibu sikusikia radi, na Yusufu amelala nayo siku nyingi bila kulalamika. Lakini nakujua, Mama: wewe hujawahi kuosha kitu ukakirudisha mahali pake bila kukifukiza. Vibati hivi vikioshwa visifukizwe. Nakuomba.

Bado sikuridhika. Nikasema moshi wa nyumbani si vumbi la Dubai, lazima nione. Yusufu hakosi udi Ijumaa, basi tukafunga dirisha, tukatia makaa kwenye chetezo, tukajaza chumba moshi mpaka macho yakawasha. Yusufu akangoja nje kwa ajili ya pumu yake, nami nikawasha mashine. Nilikaa chini kwenye kona nikiutazama moshi ukipungua kidogo kidogo kwenye mwanga wa dirisha, na nilipofungua vibati nilivikuta vimeingia weusi. Nilifurahi kama mtu aliyeona mbuzi wake aliyepotea. Nikamwambia Yusufu kwamba Mama yangu sasa atafukiza vibuyu na atapumua.

Akaniuliza mnafukizaje. Nikamwonyesha: unachukua kijinga cha moto, unakitia ndani ya kibuyu, unainama mdomoni mwake, unakitikisa, unapuliza, unachungulia kama kimekolea. Nikampa chupa ya chai badala ya kibuyu, na kipande cha kuni kinachofuka. Mashine tuliiweka kando ya goti lake, inavuma. Aliinama mara moja tu. Alikohoa hadi nikaogopa, nikafungua mlango na dirisha, nikamshika mgongo mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akanitazama.

"Moshi wanifika mimi kwanda," akasema, yaani kwanza. "Mashine yala makombo."

Ni kweli, Mama. Mashine itasafisha hewa ya nyumba, utalala vizuri, vumbi la barabarani halitakusumbua. Lakini hakuna mashine iliyotengenezwa inayoweza kuingia kati ya uso wako na mdomo wa kibuyu.

Sadia, ni hapa. Soma.

Mama, najua kwa nini hutaki kuacha. Si ladha ya maziwa. Kwetu anayefukiza vyombo ndiye anayegawa maziwa, na anayegawa maziwa ndiye mwenye nyumba. Unaogopa kwamba ukimpa mkaza mwana kijinga cha moto umempa na nyumba, na wewe utabaki mgeni wa kupewa kikombe. Wala hujawahi kulisema hilo, lakini nimekaa miguuni pako nikiwa mtoto, nikauona uso wako siku Bibi, mamake Baba, alipokukabidhi vibuyu vyake. Wewe ulifurahi. Yeye alitoka nje.

Mashine nimeikabidhi kwa mtu anayekuja Mombasa, atampa dereva wa basi la Garsen. Ije na ombi moja. Sadia afukizie nje, nyuma ya nyumba, na wewe ukae upande upepo unakotokea. Maziwa ugawe wewe.

Nisalimie Barisa, mwambie betri isikae bila maji. Nisalimie mama mdogo wa Madogo, mwambie asante kwa kitanda alichokutandikia, na inshallah hutakihitaji. Nisalimie mwalimu wa madrasa na jirani yetu mwenye duka. Nawe Sadia salamu zako ni hizi: utakosea. Kibuyu cha kwanza utakiunguza, cha pili hakitakolea, na Mama atakwambia hivyo mbele ya watu. Vumilia. Mama, usimwonee huruma. Nataka nikirudi nikukute umekaa kwenye upepo wako unamgombeza, na usikike mpaka barabarani.

Ni mimi mwanao,
Guyo