Nilionja Kwanza

Kilwa Masoko, 1996

Dada Valeria,

Shikamoo. Mwanangu Erasmo bado ananililia? Mwambie mimi mama yake nikiajiriwa hapa hotelini nitapewa chumba, nije kumchukua.

Jana walinijaribu kumhudumia mgeni mvinyo mweupe wenye mapovu, ule usio na sukari. Nilizungusha chupa taratibu, kizibo kikatoka bila kishindo. Nikamimina, kisha nikaonja mimi kwanza, kama tunavyowaonjea wageni pombe huko Rutamba, wajue haina sumu. Kumbe mchachu! Meneja akafoka, "Wewe Flora, unakunywa glasi ya mgeni?"

Nikaeleza. Mgeni akacheka, akainywa ileile. Meneja yeye hakucheka.

Mpaka sasa hajaniambia nirudishe sare waliyoniazima ya majaribio, nami naogopa kuuliza. Nimeifua, nimeianika.

Mdogo wako, roho juu juu,
Flora