Bahari ya Sebuleni

Ujiji, Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Najua Rukia ndiye anayekusomea, kwa hiyo Rukia mdogo wangu, soma polepole, usiruke mistari, na pale ninapomtania Mama usome hivyo hivyo nilivyoandika. Mama, goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa Kaka Shaabani ilikufikia, au ameifungia kabatini akasahau? Na banda la kuku mmeshaliezeka? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Miguu yangu imevimba kidogo, mtoto anacheza tumboni kutwa nzima, na mkunga wa zahanati ameniambia kila kitu kiko sawa, nipunguze tu kuinama. Mjukuu wako Mwajuma ameng'oka jino la mbele, na sasa kila mgeni anayeingia lazima aonyeshwe pengo.

Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaishika mbali na sikio, unaita "haloo, haloo" mpaka salio linakwisha, na jambo hili ni refu. Tena nataka ulisikie mara mbili. Lengo la barua nitalitaja mwishoni, maana nikianza nalo utamwambia Rukia akunje karatasi.

Mama, tumejenga bahari ndani ya nyumba.

Usicheke kwanza. Unakumbuka ulivyokuja Mwajuma alipozaliwa? Siku ya pili tu ulishuka ziwani, ukachota maji kiganjani, ukaonja, ukatema. Ukasema, "Maji yote haya, na hakuna hata chembe ya chumvi." Tangu siku hiyo ukawa hulali. Mara hewa nzito, mara maji haya hayajui kujaa wala kupwa, mara unaamka hujui saa ngapi kwa sababu hakuna harufu ya pwani. Siku ya tisa ukafunga mzigo ukarudi Pangani. Siku tisa, Mama, na mzazi ana siku zake arobaini. Nilikusindikiza mpaka mlangoni nikajifanya jasiri, na ulipokata kona nikalia kama mtoto. Sikuwahi kukuambia. Leo nakuambia.

Sasa baba Mwajuma aliniona nikilia. Unamjua mkweo Jumanne, si msemaji. Kazi yake ni kuzamia wale samaki wadogo wa rangi kwenye mawe ya ziwani, wanaonunuliwa na watu wenye matangi ya vioo, na pale Kasingirima ana visima vya saruji anavyowahifadhia. Mimba hii ilipofika miezi mitatu akaniuliza, "Mama yako anaikosa bahari yenyewe au watu wa baharini?" Nikamwambia watu wa baharini hata hawapendi kivile. Siku ya tatu akaja na futi ya kupimia akaanza kupima sebule.

Basi hapo ndipo wazimu ulipoanza, na mimi sikuuzuia, niliusaidia. Tangi lenyewe ni refu kuliko baba Mwajuma akilala, linanifika kifuani likiwa juu ya meza yake ya mninga, na linachukua lita mia tisa. Fundi vioo wa Mwanga aliliunganisha vizuri sana dukani kwake, wakalibeba wanaume sita, wakafika mlangoni kwetu, na mlango ukakataa. Wakajaribu kulilaza, wakajaribu kulisimamisha, wakajaribu dirisha. Mwisho fundi akavua kofia, akaikata gundi yote, akaingiza kioo kimoja kimoja, akaliunganisha upya humo humo sebuleni. Makochi yako barazani mpaka leo. Wageni wanakaa mkekani na hawalalamiki, wanatazama tangi.

Mawe unayajua, maana ni yako. Ule ukuta wa jiko la Bibi ulioanguka, ule wa mawe ya matumbawe, Kaka Shaabani alikuambia anakwenda kuusafisha uwanja. Alikuwa ananitumia mimi. Viroba vinne, Mama. Pale wanapopokea mizigo, karani aliuliza ni nani mwenye akili anayetuma mawe Kigoma, kwani huku mawe yamekwisha? Baba Mwajuma aliyakwangua chokaa yote kwa tindo na brashi ya chuma, akayaloweka kwenye mapipa wiki nzima akibadilisha maji kila siku. Alipoyapanga ndani ya tangi nikaona lile jiwe lenye umbo la kobe, tulilokuwa tukikalia tukila viazi. Nikaligusa nikasema, Bibi, na wewe umehamia Ujiji.

Chumvi ndiyo iliyoleta ugomvi. Mama mkwe, unamkumbuka, yule mrefu asiyecheka, kwao ni Uvinza, kwenye chumvi. Alipoona ndoo za chumvi zinashushwa kutoka Dar es Salaam alisimama mlangoni akauliza, "Chumvi ya Uvinza imepungukiwa nini?" Mwanawe akamweleza kwamba ile ni ya kupikia, ni chumvi tupu, na matumbawe yanataka vitu vingine vilivyomo baharini, chokaa na madini ya namna namna, na ndoo hizi zimechanganywa hivyo. Mama mkwe akasema sawa. Mama, "sawa" ya Waha wa Uvinza ikitamkwa vile maana yake habari hiyo imefungwa. Akawa akipita sebuleni anatazama ukutani. Asubuhi ananiamkia "Mwakeye" kwa Kiha kama kawaida, anamwamkia Mwajuma, anapita mbele ya lita mia tisa za maji kama hazipo.

Tukachanganya maji. Tukaweka pampu, taa, feni ya kupoza maji maana joto la huku unalijua, na betri kubwa ya kushika umeme ukikatika. Kisha tukangoja wiki sita na tangi likiwa tupu, mawe na maji tu, mpaka lipevuke liweze kubeba viumbe. Majirani walikuja kutazama mawe. Mmoja akaniuliza kwa upole kama samaki wetu wameibiwa.

Halafu ikaja siku yenyewe. Kuna fundi Dar es Salaam anakuza matumbawe laini kwenye matangi yake, na vibali vyake vyote anavyo, akatutumia vipande saba kwa ndege pamoja na samaki wawili, wale wekundu wa mistari myeupe wanaojificha kwenye maua ya baharini. Nilifungua boksi mwenyewe. Mama, ikanijia harufu. Ile harufu ya kwetu maji yakipwa. Nilikaa chini sakafuni na tumbo langu nikacheka peke yangu, na Mwajuma akakimbia kumwita baba yake kwamba mama ameshikwa na uchungu.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Matumbawe yalifunguka, mengine kama uyoga, mengine kama vidole vinavyopunga, na samaki wakachagua kona yao chini ya jiwe la kobe. Nilianza kuhesabu siku za wewe kuja. Ndipo baba Mwajuma akaitwa kazini upande wa Ilagala, wiki mbili. Kabla ya kuondoka akachora mstari kwenye kioo, akanionyesha pipa la maji ya akiba aliyoyachanganya na chumvi, akaniambia, "Maji yakishuka chini ya mstari, ongeza kutoka humu. Lakini kwanza pima pipa." Kipimo cha chumvi ni kidude unachodondoshea tone moja, unachungulia kwenye mwanga, unasoma. Kinatakiwa kisome thelathini na tano.

Nikafuata kama nilivyoambiwa. Kila asubuhi maji yameshuka, kwa lile joto na feni yake. Kila asubuhi napima pipa, thelathini na tano, naongeza jagi baada ya jagi mpaka mstarini. Pipa likikaribia kwisha nachanganya jingine, napima, thelathini na tano. Nilijiona mtaalamu.

Siku ya nane matumbawe yakaanza kujikunja. Siku ya kumi yote yamefunga, yamenywea, na samaki wanahema mdomo wazi juu ya maji. Nikampigia baba Mwajuma. Akauliza, umepima? Nikasema nimepima, thelathini na tano. Akasema labda chumvi haiwatoshi, hawa ni wa baharini, pandisha kidogo. Nami mtoto wa Pangani nikakubali. Nikaongeza chumvi kwenye pipa. Siku ya kumi na tatu kipande kimoja kikaoza, kikadondoka jiweni. Nilikitoa kwa mkono wangu, nikakaa mkekani nikalia kwa sauti. Sikuwa nalia kwa ajili ya tumbawe, Mama. Nilikuwa naona utafika, utakuta tangi la maji yanayonuka, na siku ya tisa utafunga mzigo.

Mama mkwe akatoka jikoni na mkono una unga wa muhogo. Kwa mara ya kwanza akasimama mbele ya tangi. Hakutazama samaki wala matumbawe. Alitazama ukingo wa kioo juu, pale palipokuwa na ukoko mweupe niliokuwa naufuta kila siku nikidhani ni vumbi. Akaukwangua kwa ukucha, akauweka ulimini.

"Unaongeza maji gani humu?" akauliza.

"Ya chumvi, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mwanangu, unawapika hawa."

Akakaa kwenye kigoda akanieleza. Akiwa msichana alikuwa akichemsha maji ya chumvi kule Uvinza pamoja na mama yake. Wanakoka moto, maji yanaondoka, chumvi inabaki sufuriani. Yakipungua wanaongeza mengine ya chumvi, tena na tena, mpaka sufuria inajaa chumvi. "Maji ndiyo yanayopanda na joto," akasema. "Chumvi haipandi. Wewe unaongeza chumvi juu ya chumvi, na feni yako ndiyo moto."

Nikachukua kipimo, nikadondosha tone la maji ya tangi lenyewe. Wiki mbili nilikuwa napima pipa, tangi sikulipima hata siku moja. Kilisoma arobaini na mbili. Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka baharini, na ningejuaje? Bahari haijawahi kupungua mbele yangu nikamwona mtu anaiongeza. Na baba Mwajuma kazaliwa ziwani, kwake maji yakipungua unarudisha yale yale. Kati yetu wote aliyejua ni mama mkwe aliyesusiwa chumvi yake.

Siku tatu tulifanya kazi pamoja, mimi na yeye. Yeye ndiye aliyechota maana mimi nimekatazwa kuinama. Tunatoa ndoo ya maji makali, tunatia ndoo ya maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, taratibu, tunangoja, tunapima. Arobaini na moja. Thelathini na tisa. Hakuniacha niharakishe. "Usiwashtue," ananiambia, na kila nilipotaka kuongeza jagi la pili ananipiga mkono kidogo. Ilipofika thelathini na tano akaenda kuswali Adhuhuri, akarudi akavuta kigoda, tukakaa. Kwanza kimoja kikafunguka, kile cha vidole. Halafu uyoga. Samaki wakashuka kwenye jiwe la kobe wakaanza kufukuzana. Mama mkwe akacheka, Mama. Ana meno mazuri kumbe.

Nikamwambia asante. Alisema, "Mimi nilikuja hapa bibi harusi kutoka Uvinza, nikazaa sita. Kila nilipojifungua, mama yangu alinitumia fungu la chumvi kwa mtu anayepita. Yeye mwenyewe hakuja. Kazi ya chumvi haikumwachia nafasi." Akatazama samaki. "Mwandikie mama yako. Mwambie bahari iko hapa, kisingizio hana."

Basi lengo la barua ndilo hilo. Njoo, Mama. Mwezi ujao, mapema, kabla sijajifungua, na ukae arobaini zote. Najua tangi si bahari, halitoshi hata kuosha sufuria zako. Lakini baba Mwajuma amerudi kutoka Ilagala, amesikia yote, ameona aibu, na kwa aibu hiyo ametega pampu mbili zipokezane, kwa saa sita maji yanavuta upande wa dirisha, kwa saa sita yanavuta upande wa mlango. Anasema ni ili ujue maji yamejaa au yamepwa. Kitanda chako tumekiweka sebuleni pembeni ya tangi, na ukilala utayasikia. Ukifika usiende ziwani kwanza. Chovya kidole humu, uonje. Ukitema, nitakukatia tiketi ya kurudi mwenyewe.

Nisalimie Kaka Shaabani, mwambie mawe yamefika salama na ule uongo wake wa kusafisha uwanja nimemsamehe. Nisalimie Shangazi wa mikate ya kumimina, nina hamu na mkate wake, akufungie mmoja wa safari. Rukia, wewe nakusalimu moja kwa moja, na sasa msomee tena toka mwanzo. Baba Mwajuma anakusalimu kwa heshima. Mama mkwe naye anakusalimu, na amesema nikuambie kigoda cha pili kimeshapatikana.

Ni mimi mwanao, nisiyetaka kukusindikiza mlangoni kabla ya siku ya arobaini,

Zuhura