Zile Siku Mbili za Mvua

Jirani yangu Luhende,

Nilipokuwa na nguvu za kuja Segese kwenye kaburi lako, sikuja. Sasa miguu imekataa. Daktari akimaliza kunipima huongea na mwanangu mlangoni kwa sauti ya chini, kwa hiyo najua muda uliobaki si mrefu. Kabla haujaisha nataka kulijibu swali lako.

Hapa Tinde kiwanja chako hakijajengwa. Kuta za tembe lako zimekuwa kichuguu cha udongo, na mbuzi hulala juu yake. Jina lako, lakini, halijalala. Mtu akifanya jambo la kijinga, vijana sokoni humwambia, "Hilo nalo ni paa la Luhende." Wengi wao hawakukuona hata siku moja. Nami nimelisikia mara nyingi, nikainama nikaendelea kuchagua nyanya.

Uliniita Bwana Kipimo. Miaka yangu yote ya kazi serikalini nilipima mvua na mito, na hata nilipostaafu nilibaki na kipimo cha mvua uani. Ulikuwa unapita asubuhi ukiuliza, "Bwana Kipimo, Mungu ametupa ngapi leo?" Nikikutajia milimita unacheka, unasema wewe unapima kwa kidole kwenye udongo.

Juu ya paa bapa la tembe lako ulitandaza udongo mweusi wa mbuga uliouchanganya na mchanga, ukapanda majani mafupi uliyoyang'oa na mizizi yake kwenye ngitili yako, lile eneo la malisho unalolifunga mpaka kiangazi. Watu walikutania sana. Mzee mmoja alikuuliza kama mbuzi wako utawatafutia ngazi. Ukamwambia, "Wangu wana adabu. Wako ndio watapanda kuiba."

Kisha mwanangu akapata kazi mgodini Bulyanhulu, akanijengea nyumba ndefu ya bati jekundu. Mvua za kwanza tu, maji yaliruka kutoka kwenye bati, yakashuka uani kwako, yakaanza kuchimba chini ya ukuta wako. Ulikuja bila hasira. Uliniomba nichimbe mtaro, na lile banda langu la ng'ombe la miti mizito, lililo upande wako, nilitandike udongo na majani ili nalo linywe sehemu ya mvua. Nilikataa. Sababu haikuwa ya kitaalamu, Luhende. Niliona aibu, afisa mzima kuwa na majani juu ya paa.

Ndipo ukasema, "Si wewe mwenye kupima? Pima."

Tuliweka debe kwako na debe kwangu, chini ya vipande vya paa vinavyolingana. Tulipima mvua tatu, siku tatu mfululizo, nami nikaandika zote kwenye daftari. Ya tatu iliukuta udongo wako umeshashiba. Debe lako likajaa kama langu, ingawa lilichelewa.

Jambo lilipofika kwenye baraza la kijiji, nilikwenda na ukurasa mmoja tu, wa siku ya tatu. Nikaeleza kwamba paa la udongo likishiba halina tofauti na bati, na kwamba maji uliyoyaweka juu ndiyo yaliyokuwa yakiozesha ukuta wako. Maneno ya kwanza yalikuwa nusu ya kweli. Ya pili yalikuwa uongo mtupu. Wewe hukujua kusoma. Ulisimama, ukaniangalia mimi badala ya mwenyekiti, ukauliza, "Na zile siku mbili?"

Nikasema, "Zipi?"

Neno moja. Watu wakacheka. Mtu aliyesoma alikuwa amesema, nani angekuamini wewe? Mwenyekiti akaamua majani yaondolewe. Uliyaondoa mwenyewe kwa jembe, asubuhi, ukayapanga kando ya njia mizizi ikiwa chini, kama mtu anayetarajia kuyarudisha. Mvua kubwa iliyofuata, maji ya paa lako yaliungana na maji ya paa langu, na ukuta ukalala. Wewe na mke wako mkahamia Segese kwa binti yenu Kabula. Ukafia huko, mbali na makaburi ya wazee wako.

Mwaka jana nilitandika majani juu ya banda. Najua, nilichelewa. Mvua ikinyesha nalala nikisikiliza. Bati linanguruma, banda kimya. Mvua inakatika, bati linanyamaza, na baada ya muda ndipo banda linaanza kudondosha, tone moja moja. Maji mengine hayashuki kabisa. Mizizi imeyanywa, na jua litayachukua. Wewe uliyajua haya kwa kidole.

Mwezi huu nilimpigia simu mke wako, akaja. Nilimpa kiti, akakikataa, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nilimweleza yote, nikamwonyesha daftari. Alilifunga, akaniuliza:

"Alikuuliza mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote, Mama Kabula."

"Basi kamjibu mbele ya watu wote."

Alinyanyuka. Alipofika nje akageuka. "Debe nitakushikia mimi. Maneno utasema mwenyewe."

Baraza ni Jumamosi. Nitabebwa kwenye kiti. Tutaweka kipande cha bati na kipande cha majani, tumwage maji mbele ya wale vijana wa sokoni, nami nitasema nilichokuficha. Nikifa kabla, daftari lote analo Mama Kabula, na mwanangu amekubali kulisoma, pamoja na barua hii, bila kuruka kosa langu.

Sikuombi unisamehe. Nakuahidi hilo tu, kwamba wakilitaja tena paa la Luhende, watakuwa wanajua wanachokisema. Lala, jirani. Huenda nikakukuta karibuni, na sitaki unikute bado nadaiwa jibu.

Uliuliza, na zile siku mbili? Siku ya kwanza debe lako lilikuwa kavu. Siku ya pili lilifika robo, tena baada ya langu kufurika.