Tunakwenda Likizo, Shangazi, Hatuhami

Saluni, mlango wa nyuma,
Jumapili, watoto wakiwa wamelala mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo ili utakapofika kwenye maneno makali usije ukasema ukaidi umeninyang'anya hata adabu. U hali gani? Goti linasemaje na baridi hii? Na ile miwani uliyopimiwa, unaivaa, au bado umeifungia kabatini kama nguo ya sherehe? Tafadhali ivae leo, maana nimeandika kwa herufi ndogo na sitaki kusikia kwamba kuna mahali hukuona vizuri.

Sisi huku hatujambo. Bosi, binti yangu, anakula vizuri na kubishana vizuri zaidi. Kifurushi, mdogo wake, kikohozi kimemwachia na sasa anakimbia uchi kila nikigeuka kutafuta taulo. Mama yao alipiga simu jana kutoka huko ughaibuni anakouguza wagonjwa. Alikuwa amechoka, lakini alicheka, na amesema nikusalimie kwanza kabla sijaanza kukugombeza.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliufungua nikiwa na mteja kitini, kidevu kimejaa povu, nikidhani ni salamu. Ulipofika pale pa kuwaleta watoto na kila kitu chao, niliweka wembe chini. Mteja mwenyewe, dereva wa lori asiyeshtushwa na kitu, akaniambia, "Kinyozi, malizia kwanza upande huu, halafu ndiyo ukasirike." Nilimalizia. Kisha nilikasirika.

Nimekuelewa, Shangazi. Wewe, Baba Mdogo na dada yangu mkubwa mmekaa mkaamua kwamba mwanaume peke yake hawezi kulea watoto wawili wadogo. Shule zikifungwa niwalete kwako kwa jina la likizo, na wakishafika wabaki hukohuko mpaka mama yao amalize mkataba wake. Hata chumba mmeshakipaka rangi. Kwa rangi nashukuru. Kwa mengine yote jibu langu ni hapana, na nimeliandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza, ila karatasi itabidi uisome mpaka mwisho.

Likizo tunakwenda, tena wiki hii. Lakini hatuji huko. Tunakwenda watatu, kwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na ziwa, safari ya basi isiyomaliza hata nusu siku. Nilimpigia mwenye nyumba nikamuuliza kama kuna ngazi, kama maji yako mbali na mlango, kama kuna jiko na kama majirani wana mbwa. Mama wa watu akaniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali. Nikamwambia hapana, mimi ni baba.

Najua kilichowasha moto ni ile picha ya Bosi. Ndiyo, nimemnyoa. Sijateleza, wala mashine haikuniponyoka mkononi. Kila asubuhi kuchana zile nywele kulikuwa vita: yeye analia, mimi natoka jasho, shule tunachelewa. Nikajaribu kumsuka. Mistari ikaenda kila mmoja na njia yake, mwalimu wake akamuuliza kama alijisuka mwenyewe. Sasa fikiria hayo yote uyaongezee maji ya ziwa na mchanga, halafu uniambie kwamba hayo ni mapumziko.

Basi nilipokuwa nikiwaza kitu gani kitatuharibia raha huko, mwenyewe akapanda kwenye kiti cha wateja, akajifunga kitambaa shingoni, akasema anataka kama wengine. Nusu ya vichwa vya mtaa huu vinapita mikononi mwangu. Cha mwanangu nikakiombee kibali kwa nani? Nilipomaliza alijipapasa, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akadai apakwe poda kisogoni kama watu wazima. Mama yake alipoipata picha aliikuza kwanza aone vizuri. Kisha akacheka mpaka wauguzi wenzake wakaja kuchungulia simu.

Ila wewe ulisema nimemfanya aonekane mtoto asiye na mama. Neno hilo limeniuma, Shangazi, nalisema wazi. Mama anaye, anafanya kazi usiku na mchana kwa ajili yake. Baba pia anaye, bahati mbaya ni kwamba huyo baba ana mashine ya kunyolea. Nywele zitaota.

Na likizo yenyewe haitafanana na safari za ukoo wetu. Unazijua: kutoka kabla hata jogoo hajaamka, watoto wamebebwa na usingizi wao kama magunia, wakubwa wanafokeana juu ya ufunguo, na mkifika mnazungushwa nyumba baada ya nyumba kusalimia watu mpaka mtoto anatapika kwenye zulia la mtu. Mimi sitaki. Tutakunywa chai kwanza. Kifurushi atakwenda chooni kwanza. Basi la kwanza likituacha, litakuja jingine, hakuna harusi inayotungoja.

Tukifika, kila siku jambo moja. Ikiwa ni maji, ni maji. Ikiwa ni matembezi, ni matembezi. Mchana tunachapa usingizi, mimi nikiwa wa kwanza. Na hatumtembelei mtu, hata yule binamu anayekaa njia ileile. Anayetaka kununa na anune.

Usidhani nimekurupuka. Mwalimu wa chekechea, ambaye mumewe ni mteja wangu, alinishauri tufanye majaribio kwanza: tulale mahali pengine, tuone nani anasumbua. Nikatandika magodoro humu saluni. Bosi akalala. Kifurushi akagoma kabisa. Nikaimba, nikambembeleza, nikamtishia kidogo, wapi. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu mama yake aondoke, usingizi wake wote wa mchana anaulala humu nyuma ya pazia, mimi nikiwa kazini. Nikawasha mashine ya kunyolea nikaiweka mezani ingurume. Hakuwahi hata kugeuka, akawa amelala fofofo.

Kwa hiyo kwenye mkoba imo mashine yangu kuukuu, niliyoitoa meno, haikati kitu, inanguruma tu. Umeuliza kwenye ujumbe wako mwanaume anajua nini kuhusu kulaza mtoto. Anajua hilo.

Kufungasha nako nina mengi ya kusema. Nguo za kila siku ya safari nimezikunja pamoja, za juu, za chini na chupi, nikaziviringisha na kuzitia kwenye mfuko wake, ili asubuhi nivute mfuko mmoja na mabishano yawe mafupi. Dawa ya homa, kipimajoto na plasta viko juu kabisa, visitafutwe mtoto akiwa analia. Poti la Kifurushi limo. Shuka la nyumbani limo, halikufuliwa makusudi, lina harufu ya kitanda chao. Na shati langu la akiba nimelitia kwenye mfuko wa mkononi, kwa sababu kila mtu hubeba nguo za mtoto atakayetapika na hakuna anayemkumbuka mtu atakayetapikiwa.

Kila mtoto amechagua kitu kimoja cha kuchezea, akibebe mwenyewe. Bosi amechukua dawa ya meno, eti ndiyo anayoipenda. Nimeshindwa kumwelewa, nimemwachia. Kifurushi amechukua ndala ya mama yake, moja tu, ya kushoto. Nilitaka kumwambia achukue mpira. Nikaifuta vumbi, nikamrudishia.

Lakini sikuanza na mkoba mdogo, Shangazi. Mara ya kwanza nilifungasha kwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa yako. Nilikuwa nakusikia sikioni: sweta umesahau, soksi nzito umesahau, mtu akiwaona atasema nini? Nikajaza sanduku, nikajaza la pili, nikatia mpaka sare za shule, nisije nikaambiwa sikuzikumbuka. Bosi akaja akasimama mlangoni. Akaangalia kabati tupu, akaangalia masanduku, akauliza, "Baba, tunahama?" Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, maana huyu mtoto hana sauti ndogo.

Nilikaa chini sakafuni. Sauti ile nilikuwa naijua.

Nilikuwa na umri kama wake nilipokuja kwako. Marehemu baba alitia nguo zangu zote kwenye lile sanduku la bati, akaniambia ninakwenda likizo kwa Shangazi. Ulinipokea vizuri, sina neno. Ulinipa kitanda cha dirishani, ulinipikia, ulinipeleka hospitali mgongoni mwako mvua ikinyesha. Siku moja nikaona umenitandikia kitandani sare ya shule, rangi nyingine, si ya shule yangu. Hakuna aliyeniambia kitu. Likizo iliisha hivyo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisifu mbele ya wageni? Ulikuwa ukisema mtoto huyu ni nadhifu, nguo zake hazizagai, kila akifua na kukausha anazikunja na kuzirudisha sandukuni. Wanao walichapwa kwa ajili ya unadhifu wangu. Sikuwa nadhifu, Shangazi. Nilikuwa namsubiri baba. Nilitaka akija asinikute sijajiandaa, akabadili mawazo.

Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia kwa sababu hukujua, na mimi sikuwahi kuwa na ujasiri wa kukwambia, na leo ninao. Mapenzi uliyonipa yalikuwa ya kweli, nayala mpaka leo. Lakini mtu anaweza kupendwa sana mahali ambapo hakuambiwa kwamba atabaki.

Basi nilimwambia Bosi hatuhami. Tukafungua masanduku pamoja, tukarudisha kitu kimoja kimoja kabatini, yeye akitoa amri mimi nikikunja. Sare zimerudi kwenye msumari wake. Kilichobaki kimeingia kwenye ule mkoba ninaobebea vifaa nikiitwa kunyoa maharusi, na zipu imefunga bila kuilalia.

Kwa hiyo hawaji, Shangazi. Si mwaka huu, si mpaka mama yao arudi, si kwa siku chache tuone itakuwaje. Mwambie na Baba Mdogo, maana namjua, atataka kupanda gari aje kuwachukua mwenyewe. Aje. Nitamnyoa bure, nitampa chai, nitamsindikiza mpaka kituoni, na atarudi kama alivyokuja, mikono mitupu. Dada yangu mkubwa akisema nimerogwa, mwambie ndiyo, nimerogwa na watoto wangu.

Mtasema nitashindwa. Zipo siku nashindwa. Juzi nilimvalisha Kifurushi viatu vya Bosi, akatembea navyo kutwa, hakuna aliyetambua mpaka jioni. Mtasema sina mapumziko. Ni kweli, ndiyo maana natafuta ya siku chache. Mtasema watu wanasema. Shangazi, mimi ni kinyozi. Yale watu wanayoyasema yanaanzia kwenye kiti changu, wala sijaona hata moja lililomlisha mtoto.

Mkono wako siukati. Kama unataka kunisaidia, njoo. Njoo tukisharudi, ukae unavyotaka, utalala kitandani kwa Bosi naye atalala kwangu. Ila ujue humu ndani mwenye kuamua ni mimi, na wakati wa kulala ni wakati wa kulala, hata kama hadithi yako imefika patamu. Ukitaka kumfundisha Bosi kusuka, subiri nywele ziote, na umuulize kwanza.

Nao watakuja kwako, siwafichi wasionwe na bibi yao. Mama yao akirudi tutakuja sote wanne, tule chakula chako tushibe maneno yako. Watakuja na mkoba mdogo. Nitawaleta mimi na nitawachukua mimi, na siku ya kurudi nyumbani wataijua kabla hatujafunga mlango.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie sina kinyongo, ila sina watoto wa kugawa. Nisalimie dada yangu mkubwa na mumewe, na yule binamu wetu tunayemwita Kimya, ambaye nasikia peke yake hakuinua mkono kwenye kikao chenu. Mwambie nimeliona hilo na akija ananyolewa bila kupanga foleni. Bosi anakusalimu, Kifurushi anakusalimu kwa kelele, maana ameamka.

Mungu akupe nguvu za magoti na usingizi mwema, akuweke mpaka uwaone hawa wakinikaidi mimi kama ninavyokukaidi wewe.

Mimi wako akupendaye, na asiyebadili neno,

Baba yao.