Bomba Uliloliacha Wazi

Kaka Gidioni,

Tumeanua tanga. Nguo zako ziligawiwa uani, nyumbani Ndalambo. Koti la kijivu alipewa mjomba wa Nakonde, akalivaa papo hapo, mikono ikamfunika vidole. Mimi nilirudi Tunduma chakula hakijapakuliwa. Sikuweza kulitazama lile koti likitembea.

Ofisini wamenipa mchoro wako wa kiwanda cha alizeti. Kazi ni ile uliyonifundisha: kutoa kwenye kompyuta urefu wa kila bomba, kona zake, vali zake, ili mafundi wajue wakate nini. Yote yametoka isipokuwa moja, lile la mvuke linaloelekea tangi la pili. Uliliacha linaning'inia, mdomo wazi, ukafunga kompyuta ukasema, "Hili tutalimaliza Jumatatu, mdogo wangu." Kisha ukapanda pikipiki, barabara ya Chitete, na hukurudi tena.

Programu haitoi vipimo vya bomba lisilofika popote. Nikiliunga, jina lako litafutika pembeni mwa mchoro, litakaa langu, kwa sababu inamtambua aliyeligusa mwisho. Kaka, hiki ndicho kitu chako pekee ambacho hakijagawiwa. Kila asubuhi nalifungua, nalitazama, nalifunga.

Mafundi wanasubiri. Jana bosi alisimama nyuma ya kiti changu. "Pole, binti. Lakini chuma hakikai matanga." Wenzangu wakacheka kidogo, wakarudi kwenye kompyuta zao. Sikumchukia. Ana haki, na haki yake hainisaidii.

Kanisani wananiambia uko mahali pazuri. Labda. Mimi najua tu mahali ambapo hupo. Malori yakipiga honi mpakani siinui tena kichwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiyatukana kwa Kinamwanga mpaka ninacheka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiongeza urefu wa kiganja kimoja kwenye kipande cha mwisho cha kila bomba, ili fundi akipunguze mwenyewe kulekule kiwandani? Nilikubishia kwamba namba ziko sahihi. "Kompyuta haijawahi kushika chuma," ulisema, ukaongeza kiganja chako.

Kesho nitaliunga. Si kwamba nimepoa. Sidhani kama nitapoa. Lakini kiganja nitakiacha, kwenye hili na kwenye kila bomba nitakalolichora, nakuahidi. Jina litakuwa langu, ziada itakuwa yako. Fundi ataikata, ataitupa kwenye vyuma chakavu, hatajua ni ya nani.

Lala, kaka.

Mdogo wako,
Neema