Kofia ya Jino la Mama

Magesa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Nakusalimia kwanza kwa sababu mama alitulea hivyo, hata ukiwa na hasira na mtu unamsalimia ndipo unamwambia lako. Habari za hapo Butiama? Yule ndama mwenye baka jeupe keshaacha kunyonya? Mimi huku Mtwara nipo, nabangua korosho. Mafuta ya ganda yamenibabua vidole hadi kushika kalamu ni shida, kwa hiyo ukiona mwandiko umeyumba usidhani nalia. Nililia wiki iliyopita, nikamaliza.

Ningekupigia simu, lakini hupokei. Basi barua nimempa jirani yangu huku, anakuja msibani kwao Mwisenge. Nimemwomba afike hadi Butiama akukabidhi mkononi, na asiondoke mpaka uifungue.

Mama alinipigia akasema ile kofia iliyofunika jino lake imetoka yenyewe akitafuna muhogo. Nikampa pole. Lakini alikuwa anaongea kwa shida, kama mtu aliyeficha kitonge shavuni. Nikamuuliza amekula nini, akasema uji. Na samaki je? Akasema samaki amewachoka. Mama huyu huyu, anayemtafunaga furu mpaka kichwa! Nikampigia mama mdogo pale Nyasura, Bunda, ndiye aliyempokea shavu likiwa limevimba. Yeye ndiye aliyeniambia.

Magesa, ulimwambia mama chuma cha mdomoni kinavuta radi! Ulingoja mvua zianze, ulingoja radi ipige ng'ombe wa jirani, ndipo ukaenda kukaa naye jikoni na sauti ya upole. "Mama, mwenyewe unatembea na chuma mdomoni, siku moja itakufuata humu ndani." Na unajua anavyoogopa. Tulipokuwa wadogo mawingu yakifunga tu alikuwaga anafunika kioo na masufuria kwa kanga, anatuita wote kitandani. Wewe ulikuwa unalala kwapani kwake. Kumbe ulikuwa unajifunza pa kumshikia.

Ukamleta rafiki yako wa machimboni na koleo la kukunjia nyaya. Koleo, jamani! Kwa mwanamke aliyekuzaa!

Halafu hukungoja hata damu ikauke. Ukapanda bodaboda moja kwa moja hadi kwa mnunuzi wa dhahabu. Akaisugua ile kofia kwenye jiwe lake, akadondoshea tindikali, alama ikapotea yote mbele ya macho yako; ya dhahabu ingebaki. Mama mdogo anasema waliokuwepo walicheka sana. Habari hiyo imefika mpaka Bunda, lakini mama hajaambiwa.

Na mimi nilikuambia! Siku ile tuliporudi naye kutoka kwa daktari wa meno Musoma ulikaa mlangoni ukaniuliza, "Dada, hii si dhahabu hii?" Nikakuambia hapana, ni chuma tu. Daktari alikuwa na za rangi ya fedha na za njano, mama akachagua ya njano ipendeze akiimba kanisani. Ukasema, "Sawa dada." Kumbe moyoni unasema huyu ananificha, anataka aje aichukue yeye. Tangu uanze kushinda kwenye mashimo, ukiona njano unaona dhahabu, na ukiona ndugu unaona mwizi. Hilo linaniuma kuliko koleo lenyewe. Lini nilikudanganya mimi?

Na hata ingekuwa dhahabu, si ilikuwa ya mama? Wewe hukuwepo kwenye kile kiti. Jino lilipasuka kwa kijiwe cha kwenye maharage. Daktari aliua mshipa kwanza, akalichonga jino likabaki kisiki kidogo, akamng'atisha kitu kama unga uliokandwa apate kipimo. Tuliporudi tena ndipo akaigandisha kofia juu. Alitueleza vizuri kwamba kofia ndiyo inayolishika jino, bila hiyo kisiki hakina maisha. Basi rafiki yako amekivunja, na hospitalini Bunda wameng'oa mzizi uliobaki. Upande ule ndio mama alikuwa amebakiwa na magego ya kutafunia. Sasa ugali wa udaga, ule wa muhogo, anaulowesha kwenye mchuzi anameza hivyo hivyo, anasema ameshiba.

Nilipokuwa naondoka nilikushika mkono stendi ya Bunda nikakuambia, mama nakuachia. Ukasema, "Nenda dada, usiwe na wasiwasi." Nikaenda. Sikuwa na wasiwasi, Magesa, kweli kabisa sikuwa nao.

Jana nimempigia mama nikamwambia najua kwamba haikutoka yenyewe. Akasema aliogopa nitachukia, kwa vile mimi ndiye niliyempeleka. "Lakini usimgombeze mdogo wako. Alinionea huruma na hii radi. Ameniokoa." Ndivyo alivyosema.

Akaendelea. Anasema gego linakuuma tangu Pasaka, usiku unaguna. Anataka msimu wa korosho ukiisha nikija, nikupeleke wewe Musoma kwa daktari yule, yeye ameshazeeka nisihangaike naye. "Ila mwambie asimwekee mwanangu chuma. Radi itanichukulia."

Nimemkubalia nitakupeleka. Na utawekewa kofia ya chuma, ya njano ile ile, na mama atakuwa amekaa hapo pembeni yako. Akianza kulia kwamba radi itakuchukua, utamweleza wewe mwenyewe kwa nini haitakuchukua. Mimi sitakusaidia hata neno.

Msalimie mke wako. Nasikia alikuzuia, ukamfokea. Mwambie dada amesikia na anamshukuru. Msalimie mama mdogo ukithubutu kupita Nyasura. Mama usimsomee barua hii, mwambie tu nimeandika, sijambo, na apige mswaki taratibu upande ule wa kidonda.

Ni mimi dada yako, yule yule aliyekuambia ni chuma tu,

Wankyo