Mkesha Sitaki, Nataka Kulala

Jumanne, 10 Oktoba

Wewe NyaChavula, ukome. Umekuja kumwona mgonjwa, kaka yako wa tumbo moja. Umekalia kiti changu, umekunywa togwa yangu, halafu unanipimia imani kama mtu anayepima sukari dukani. Eti, "Wifi, umechoka kwa sababu huombi vya kutosha." Nilikuwa namgeuza Wyson. Mume wangu ni mtu mzito, na kiharusi kimemfanya mzito zaidi. Angalau angeshika mguu mmoja. Hakushika. Alifumba macho akaniombea, mimi jasho linanitiririka.

Tangu mavuno sijalala usiku ukaisha. Nikimwacha upande mmoja mgongo unachubuka. Jirani yetu, Mwalimu Harawa, hakuuawa na kiharusi, aliuawa na vidonda vya mgongo.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimelala nimesimama, kama ng'ombe! Nilikuwa nasonga sima. Mkono ukaangukia sufuria, umebabuka. Binti yetu Towera akapiga simu kutoka Mzuzu. Mama, mbona sauti yako inajikokota? Nikamwambia ni mtandao.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mkono unauma. Siandiki.

Jumapili, 15 Oktoba

Kanisani leo, wakati wa matangazo, NyaChavula akasimama. Yeye ndiye mwenyekiti wa umoja wa akina mama. Ijumaa, anasema, mkesha nyumbani kwa kaka yangu, tumwombee uponyaji. Wote sare kamili. Chakula ataandaa mwenye nyumba, hiyo ndiyo sadaka yake. Kanisa zima, amina.

Ndivyo tulivyo huku kwetu. Nyumba ikiwa na mgonjwa tunaijaza watu, na anayemuuguza ndiye anayewapikia. Nichote maji, nisonge sima ya kundi lote lile, niimbe mpaka kuche — ili Mungu ajue nimechoka? Kwani haoni?

Nikasimama. Kwetu mtu hajibu matangazo. Nikasema, "Asanteni. Msije. Ijumaa nalala."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. NyaChavula hakucheka.

Jumatatu, 16 Oktoba

La leo niliandike vizuri.

Nilimaliza kufua mashuka, nikapiga magoti kando ya kitanda niombe kama siku zote. Wyson, Towera, mvua, mbegu. Maneno yakagoma. Nikasema, Bwana, leo sina la kukuambia. Wewe husinzii. Basi mwangalie huyu mtu, mimi nalala. Nikajinyoosha mkekani. Mchana kweupe, kama mlevi.

Sikuota kitu. Hakuna malaika aliyekuja. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia dirisha la pili, Wyson amelowa kama kawaida yake, ananitazama. Akasema kwa mdomo wake uliopinda, "Umekoroma."

Siku nyingi sijamsikia akitoa neno likaeleweka.

Nikamwambia, "Na wewe unanuka." Tukacheka wote wawili. Nikambadilisha, nikamgeuza kwa mkupuo mmoja.

Nilikuwa nimebebwa. Mtu akibebwa anajua. Asije mtu akaniambia ule ulikuwa uvivu.

Jumatano, 18 Oktoba

Mzee Nyirongo wa kanisa amekuja. Ametumwa, maana alikohoa sana kabla ya kusema. "Mama, mkesha ni utaratibu wetu. Ukikataa, akina mama watakutaka urudishe sare."

Wamenipata panapouma. Bila sare, siku nikifa akina mama hawaji kuniimbia. Nitazikwa kimyakimya kama mpita njia. Sare ile nimeivaa tangu Towera yuko tumboni.

Nikamuuliza, "Mzee, Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika alimwambia nini?"

"Alimwambia ale."

"Akala. Halafu?"

"Akalala tena."

"Hakuambiwa aandae mkesha?"

"Mama, unapenda kubishana."

"Na Bwana mwenyewe, dhoruba ilipovuma ziwani, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa amelala. Lakini ile ni tofauti."

"Ni kweli. Yeye hakuwa na wifi."

Wyson alicheka kitandani mpaka akakohoa. Mzee naye alitaka kucheka, akatazama kofia yake. Aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Alhamisi, 19 Oktoba

Sare nimeifua na kuipiga pasi. Wakiitaka wataikuta safi. Nimelia kidogo. Kisha nimemwachia Mungu zamu, nimelala mpaka jua likapoa. Tumeshazoeana hivyo, mimi na yeye.

Ijumaa, 20 Oktoba

Wamekuja. Jua bado lipo. Niliwasikia wakiimba tangu kule kijitoni, NyaChavula mbele, Mzee Nyirongo nyuma kabisa kama mtu anayesindikiza mahari ya wengine. Moto sijawasha.

NyaChavula amegonga. "Wifi, ama tuingie tukeshe, ama utoe sare."

Sijafungua. Akasogea dirishani, akashusha sauti. Hakuwa mwenyekiti tena, alikuwa dada mtu. "Kaka yangu akifa, usingizi wako ndio utakuwa umemuua."

Hilo limeniingia. Nimekaa kitandani kwa Wyson, naandika haya wao wakisubiri nje. Je, kama ni kweli? Nimemtazama Wyson. Ameinua ule mkono wake mzima, amenielekeza mlangoni, nifungue.

Sawa. Sare sitoi. Nimeivaa. Moto siwashi. Wyson anatakiwa kugeuzwa sasa hivi, na uani kwangu wamesimama watu wana mikono, wote wanasema wanataka kukaa macho mpaka asubuhi. Nafungua, na nitasema hivi, nisipunguze:

NyaChavula, vua viatu, ingia, shika mabega ya kaka yako. Mzee Nyirongo, miguu. Aelekee ukutani, polepole, mpakeni mafuta mgongoni, na akianza kuguna mgeuzeni tena. Unga uko kwenye ndoo, kuni ziko nyuma ya nyumba, pikeni wenyewe. Mimi nalala chumba cha Towera. Nyimbo baadaye. Shikeni kwanza.